Somo ni nani?

Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, watoto wa Wamwera wengi hufunzwa mara mbili: shuleni kwa ratiba na kengele, na katika jando na unyago, ngoma za msimu wa baada ya mavuno. Neno “somo” limekaa kote kuwili. Ni hisabati ya asubuhi; pia ni mwanamke anayemfunda mwari kwa nyimbo na mafumbo, usafi, heshima na mambo ya unyumba. Kwa hiyo kusema binti “kaacha masomo kaenda unyagoni” ni kumpokonya huyu wa pili cheo ambacho Kiswahili chenyewe kimempa. Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alikataa kwamba Afrika isiyokuwa na shule haikuwa na elimu.

Wapinzani watataja wasichana wanaochezwa wakiwa wadogo mno, kisha mimba. Hoja nzito, lakini inahusu umri na mafunzo yenyewe, haifuti ualimu. Na mafunzo hurekebishika: jirani hapo Masasi, Waanglikana wa Askofu Vincent Lucas walilitia jando Ukristo badala ya kulipiga marufuku. Na shule isijitakase haraka: ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipomruhusu mwanafunzi aliyejifungua arudi darasani.