Ibada na Ndugu Aliye Mbali

 

Katika Injili ya Mathayo, sura ya tano, Bwana Yesu asimulia habari za mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake. Mtu huyo amekwisha fika, sadaka iko mkononi, na hapo ndipo anapokumbuka kwamba yuko ndugu mwenye lawama naye. Bwana hamwambii amalize ibada kwanza. Amwagiza aiweke sadaka palepale, aende wakapatane, halafu arudi. Leo twataka kulifikiri fundisho hili kwa kutazama historia ya Kisumu na ufuo wa ziwa letu.

Mtu akitembea Kisumu Jumapili asubuhi hawezi kukosa kusikia ibada. Huku kengele inalia, kule ngoma inapigwa, na barabarani wapita watu wenye kanzu nyeupe, wameshika bendera na kuimba. Jumamosi, yaani jana yake, ndugu zetu Waadventista wamekwisha sali Sabato yao. Mgeni aweza kuuliza, “Je, watu hawa wote wamwomba Mungu mmoja? Basi mbona wametawanyika hivi?” Swali hilo ni zuri, wala tusilikimbie.

Ibada haikuanza hapa siku walipokuja wamisionari. Kabla ya kengele ya kwanza kupigwa, wazee wa Kijaluo walitoka nje alfajiri, wakaelekea jua linapochomoza, wakamwomba Nyasaye mema kwa ajili ya boma, watoto na mifugo. Walijua kwamba mwanadamu hajitoshelezi. Nasi katika Kiswahili tumelipokea neno “ibada” kutoka Kiarabu, na asili yake ni utumishi. Mwenye kuabudu ni mtumishi aliyesimama mbele ya bwana wake, akingoja kuambiwa la kufanya.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Mwaka 1902 Marafiki, yaani Quaker, wakaanza kazi Kaimosi. Mwaka 1906 J. J. Willis wa misheni ya CMS akaanza Maseno. Mwaka huohuo Arthur Carscallen, Mkanada, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakavuka ghuba kutoka Kisumu wakaanza kazi ya Waadventista Gendia, karibu na Kendu Bay. Katika miaka hiyohiyo mapadre wa Mill Hill nao wakaingia kutoka upande wa Uganda. Hivyo kwa muda wa miaka michache tu injili ilifika kwa milango mingi, na kila mlango ulikuwa na desturi zake za kusali.

Watu waliojiunga na misheni waliitwa josomo, yaani wasomaji, kwa sababu kusali na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Kijana aliyepata kusoma aliitwa na kazi. Akapanda gari la moshi kwenda Nairobi au Mombasa, akafika penye misheni nyingine kabisa. Je, huko angepokewa mezani pa Bwana, au angesimama mlangoni kama mgeni?

Swali hilo liliwasumbua wamisionari wenyewe. Mwezi wa Juni 1913 wajumbe wa misheni za Kiprotestanti walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, kutafuta njia ya kushirikiana. Willis wa Maseno alikuwapo, naye wakati huo amekwisha kuwa Askofu wa Uganda. Mwishoni mwa mkutano walishiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza. Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikasirika mno. Aliwashitaki Willis na Peel mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema wamekosa katika imani na kuleta mafarakano. Mabishano yakaenea hata Uingereza.

Tusidhani Askofu Weston alikuwa mtu mbaya. Mwaka 1920 alipaza sauti kuwatetea Waafrika wa Kenya waliokuwa wakilazimishwa kufanya kazi. Aliipenda ibada, akaogopa isije ikachezewa. Lakini oneni jinsi jambo hili lilivyo gumu: meza ileile iliyowakutanisha watu wa Mungu ikawa sababu ya kushitakiana. Hata watu wema waweza kuumizana penye madhabahu.

Miaka ikapita. Mwaka 1938 Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulifika Maseno na sehemu nyingine za Nyanza. Watu wakalia kwa ajili ya dhambi zao, wakaungama hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakashuhudia damu ya Yesu. Ibada zilizokuwa zimepoa zikapata moto. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini moto upikao ugali ndio uwezao kuunguza nyumba. Baadhi ya Wakristo walianza kuona kwamba wanahukumiwa na wenzao, kwamba asiyeungama kwa namna fulani hahesabiwi kuwa ameokoka. Watu wakawa wanaimba wimbo mmoja chini ya paa moja, lakini mioyo imegeukiana visogo.

Agano Jipya la Kijaluo lilikuwa limetoka mwaka 1926, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1953. Sasa watu waliweza kusoma yote kwa lugha ya mama zao. Ndani ya kanisa la Anglikana kukawa na kundi lililosema kwamba lililopungua kati yetu ni hera, yaani upendo. Wakaitwa JoHera, watu wa upendo. Mwaka 1957 makasisi kadhaa pamoja na maelfu ya waumini, wakiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, walitoka. Mwaka uliofuata kanisa lao likaandikishwa kwa jina la Church of Christ in Africa. Makao yao makuu hapa Kisumu yakaitwa Dala Hera, boma la upendo.

Ndugu msikilizaji, hatukusimulia haya ili tutoe hukumu nani alikosa na nani alikuwa na haki. Waliobaki walilia, na waliotoka walilia pia. Kulikuwa na nyumba ambamo mama alibaki na mwana akatoka. Lakini liangalieni jina hilo, watu wa upendo. Wakristo walilazimika kutoka nje ya nyumba ya ibada ili wakajiite kwa jina ambalo lingetupasa sisi sote. Hilo latosha kutunyamazisha.

Wala tusifikiri ni mambo ya kale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maduka yalichomwa Kisumu, watu wakauawa, na jamaa nyingi zikakimbilia vituo vya polisi zikitafuta njia ya kwenda makwao. Nchi yetu siku hizo haikukosa makanisa. Yalikuwako kila mtaa, nayo yalijaa watu. Basi tulikuwa tukiimba nini Jumapili zile zilizotangulia, ikiwa Jumatatu hatukumtambua jirani?

Labda mtu mmoja anasema moyoni, “Ikiwa ndivyo ilivyo, heri nikae nyumbani. Nitasali peke yangu. Kanisani kuna unafiki.” Twalisikia neno hili mara nyingi, na sisi wenyewe limewahi kutujia. Pengine ni mvuvi aliyegombana na mwenzake juu ya nyavu. Wamelala usiku wakivua omena katika ziwa moja, taa zao zaonekana kwa mbali, lakini hawasalimiani ufuoni. Mmoja akifika kanisani, mwingine hubaki nyumbani. Pengine ni ndugu wawili walioachana siku ya mazishi ya baba yao kwa sababu ya shamba. Pengine ni mama aliyesemwa vibaya katika kikundi cha akina mama, tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Maumivu yake ni ya kweli, wala hatuyadharau.

Lakini turudi kwa yule mtu wa sadaka. Alimkumbuka ndugu yake wapi? Hakumkumbuka shambani, wala sokoni. Alimkumbuka madhabahuni. Huko nje alikuwa amemsahau, au amejifanya kumsahau. Alipokuja mbele za Mungu, uso wa ndugu yake ukamjia. Hii ndiyo sababu moja kubwa ya kuhitaji ibada katika maisha ya Mkristo. Ibada si mahali pa watu waliokwisha patana na kila mtu. Ni mahali ambapo Mungu hutukumbusha yule tuliyemwacha njiani. Mtu akiacha kuja, amekimbia pia mahali pa kukumbushwa, na chuki yake itazeeka naye.

Na tena, Bwana hakusema mtu yule aende na asirudi. Sadaka yake yamngoja. Kuna safari mbili hapa: kwenda kwa ndugu, na kurudi kwa Mungu. Wako wanaokuja madhabahuni kila juma lakini hawaendi kwa ndugu. Wako pia waliokwenda zao, wakakaa na uchungu wao, wasirudi tena. Wote wawili wameishika nusu ya neno la Bwana.

Basi juma hili twakuomba jambo moja. Jumapili au Sabato ijayo, ukiwa umeketi ibadani, usifukuze uso utakaokujia. Mara mtakapotoka, mtafute mtu huyo. Kama yuko ng’ambo ya ghuba, mpigie simu. Kama hataki kukupokea, umefanya sehemu yako, endelea kumwombea. Kama ni wa kanisa jingine, usingoje viongozi wapatane kwanza. Nyumba mbili zilizotengana zaweza kuanza kusalimiana kwenye njia ya kisimani.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyesikia sala za wazee wetu jua lilipochomoza, utusikie na sisi. Utusamehe kwa kuja mbele zako tukiwa tumewapa ndugu zetu kisogo. Utupe miguu ya kwenda kwao, na hamu ya kurudi kwako. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.