Transista: hesabu zilizotangulia redio ya mkononi

NYANGWE – Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuwa sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni wakijaribu kukimbia. David Livingstone alikuwepo, akaandika aliyoyaona. Barua zake zilibebwa kwa miguu hadi pwani, kisha kwa meli. Uingereza ilipata habari hiyo katikati ya mwaka 1872, yaani baada ya karibu mwaka mzima.

Leo familia inayokimbia vita Kabambare ikielekea Kasongo hubeba chungu, mkeka, watoto na, ikiwezekana, redio ndogo. Tangu Redio Okapi ianze kusikika nchini tarehe 25 Februari 2002, wahami wengi wamezoea kutega sikio asubuhi na jioni ili kujua hali ya kule walikotoka. Redio hiyo inaingia mkononi kwa sababu ya kidude chenye miguu mitatu, kidogo kuliko punje ya hindi: transista.

Kabla yake, redio ilitumia taa za kioo zinazoitwa valvu. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio yenye umbo la sufuria kwa pauni 5. Ilikuwa na valvu nne, na betri yake nzito ilidumu saa 300 hivi. Valvu lazima ipate moto kwanza ndipo ifanye kazi, na moto huo ndio unaokula betri. Mtu anayekimbia usiku hawezi kubeba mzigo wa namna hiyo.

Desemba 1947, huko New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, wakifanya kazi katika kundi la William Shockley, walionyesha transista ya kwanza. Watatu hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1956. Mkondo mdogo wa umeme ukiingia kwenye mguu mmoja, unaongoza mkondo mkubwa kati ya miguu mingine miwili, na hivyo sauti dhaifu inakuzwa. Novemba 1954 Wamarekani walianza kuuza redio ya Regency TR-1, iliyokuwa na transista nne tu na iliyoingia mfukoni.

Lakini palikuwa na shida. Transista mbili za jina moja hazifanani. Mpaka leo, BC547, ambayo mafundi wengi wanaijua, inaweza kukuza mkondo mara 110 au mara 800. Ndiyo maana kiwanda huzigawa katika makundi matatu, A, B na C. Fundi akitoa ya A na kuweka ya C bila kuangalia mzunguko wake, redio inaweza kukoroma badala ya kusema.

Kwa hiyo wahandisi walitafuta namna ya kuandika tabia ya transista kwa namba. Mwaka 1954 Jewell Ebers na John Moll walitoa milinganyo yao. Mwaka 1970 Hermann Gummel na H. C. Poon wakatoa mingine iliyo kamili zaidi. Hata hivyo, kuikokotoa kwa kalamu kwa mzunguko wenye transista kumi na zaidi kulichosha watu kwa siku nyingi.

Jibu lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1973 mwanafunzi Laurence Nagel na profesa wake Donald Pederson walitoa programu iitwayo SPICE. Mtumiaji anaandika namba za transista yake: BF ni uwezo wa kukuza, IS ni mkondo mdogo sana ambao hesabu zote huanzia hapo. Programu inakadiria volti za kila kiungo, inarekebisha, inakadiria tena, mpaka mkondo unaoingia kwenye kiungo ulingane na unaotoka. Makosa yanaonekana kwenye kompyuta kabla ya kitu chochote kuungua.

Pederson alitaka programu hiyo itolewe kwa watu wote. Uamuzi huo bado una faida. Ngspice, iliyozaliwa kutoka SPICE, inapatikana bure, na LTspice pia haiuzwi. Ukishaiweka kwenye kompyuta, hufanya kazi bila intaneti. Kwa mji ambako vipuri hutoka mbali, kujaribu kwa namba kwanza kunaokoa pesa.

Jambo moja fundi wa Maniema asilisahau: SPICE, isipoambiwa vingine, huhesabu kana kwamba joto ni nyuzi 27. Redio iliyoachwa juani chini ya mabati inaweza kufika nyuzi 50. Kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza kwa karibu milivolti 2 volti ambayo transista ya silikoni inahitaji ili kufunguka, kwa hiyo hapo zinapungua karibu milivolti 46. Bila kinga, mkondo unaongezeka mara kadhaa na sauti inaharibika. Ndiyo kazi ya kirezista kidogo kilichofungwa kwenye mguu wa emita: mkondo ukipanda, chenyewe kinaurudisha chini. Anayekitoa akidhani ni cha bure anaharibu redio.

Vilevile mtu anaweza kushusha betri ndani ya programu kutoka volti 3 hadi 2 na kuona sauti inakatikia wapi. Swali hilo linaigusa kila familia iliyo kambini, kwa sababu betri huisha kabla ya vita kwisha. Redio inayoendelea kusema kwa betri dhaifu inawapa watu siku chache zaidi za kusikia kama njia ya kurudi nyumbani imefunguka.