Maji yanang'aa, samaki wanakufa: Yafahamu haya kabla ya kuweka samaki kwenye tangi jipya la maji chumvi

Hili hutokea sana kwa wanaoanza kufuga samaki wa mapambo wa baharini. Tangi linanunuliwa, maji yanajazwa, chumvi inawekwa, pampu inawashwa na kesho yake samaki wanaingia. Wiki mbili hazijaisha, wote wamekufa, na maji bado ni meupe kama ya chupa.

Muuaji haonekani kwa macho. Jina lake ni amonia.

Amonia inatoka wapi?

Samaki mwenyewe huitoa kupitia matamvua yake kila anapopumua. Kinyesi na chakula kilichobaki vikioza huongeza nyingine. Baharini maji ni mengi mno, sumu hiyo inapotea. Kwenye tangi la lita 100 haina pa kwenda. Tena maji chumvi yana pH ya juu, na pH ikiwa juu amonia huwa kali zaidi.

Kinachookoa ni bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hawa huishi kwenye mawe, mchanga na kichujio. Tangi jipya halina wa kutosha, na kuwapata kunahitaji muda: mara nyingi wiki 4 hadi 6.

Namna ya kukomaza tangi

1. Tengeneza maji. Tumia chumvi maalumu ya tangi la baharini, sio ya jikoni. Chumvi ya mezani ni sodiamu kloridi karibu tupu, wakati maji ya bahari yana pia kalsiamu, magnesiamu na madini mengine. Lenga gramu 35 hivi kwa lita. Kwenye kipimo cha uzito wa maji hiyo ni kama 1.025. Maji ya bomba yawekee kwanza dawa ya kuondoa klorini, au tumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa RO.

2. Washa kila kitu. Pampu, kichujio na hita vifanye kazi muda wote. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27.

3. Walishe bakteria. Weka kipande kidogo cha kamba mbichi kioze humo, au tone la amonia safi isiyo na sabuni wala manukato. Usiweke samaki "wa majaribio". Huko ni kumtesa kiumbe bure.

4. Pima kila baada ya siku 2 au 3. Utaona amonia inapanda, kisha inashuka huku nitriti ikipanda, halafu nitrati inajitokeza. Mwani wa kahawia ukianza kutanda kwenye kioo na mchanga, usishtuke. Ni kawaida kwa tangi changa.

5. Subiri sifuri mbili. Amonia 0 na nitriti 0, hata baada ya kuongeza amonia kidogo siku iliyotangulia. Hapo badilisha sehemu ya maji ili kupunguza nitrati, kisha weka samaki mmoja au wawili. Usijaze tangi kwa siku moja. Bakteria huongezeka kulingana na chakula wanachopata, hivyo samaki wengi kwa mkupuo watawazidi nguvu.

Vipimo vya kukumbuka

- Amonia: 0
- Nitriti: 0
- Nitrati: chini ya miligramu 20 kwa lita ni salama kwa wengi
- pH: 8.1 hadi 8.4
- Chumvi: gramu 35 kwa lita
- Joto: nyuzi 24 hadi 27

Makosa yanayogharimu

Kuongeza maji chumvi tangi linapopungua. Maji yakikauka chumvi haiondoki nayo. Tangi la lita 100 likipoteza lita 5, chumvi inapanda kutoka gramu 35 hadi karibu 37 kwa lita. Jazia maji baridi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku.

Kuosha sponji ya kichujio bombani. Klorini itaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima. Isuuze kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Kulisha kupita kiasi. Wape kile wanachoweza kumaliza ndani ya dakika 2. Kinachobaki ni amonia ya kesho.

Kuchota maji ufukweni bila kuchagua. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, bahari ipo jirani na maji yake ni bure. Lakini karibu na bandari, mfereji wa maji machafu au mdomo wa mto, hasa baada ya mvua, yana mafuta na uchafu na chumvi yake imepungua.

Umeme kukatika. Pampu ikisimama oksijeni hushuka, na bakteria nao huihitaji. Pampu ya hewa ya betri ni vizuri iwepo ndani tangu siku ya kwanza.

Ukikuta amonia na samaki wamo ndani

Sitisha chakula kwa siku moja. Badilisha robo hadi nusu ya maji kwa maji yenye joto na chumvi ileile. Ongeza hewa, usiguse kichujio, na upime tena kesho yake.

Baada ya hapo, kubadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki kunatosha kwa matangi mengi. Samaki wengi wa baharini wanaouzwa madukani walivuliwa kwenye miamba ya matumbawe, hawakuzaliwa kwenye tangi. Kuwasubirisha mwezi mmoja dukani ni nafuu kuliko kununua wengine kila wiki.