Taya lililoitwa popo

Bukini ndilo jina la zamani la Madagaska miongoni mwa watu wa pwani. Ni kisiwa cha lemuri, wanyama walio ukoo mmoja na nyani na binadamu. Swali lililowasumbua wataalamu ni hili: lemuri walifikaje huko?

Kisiwa kilijitenga na Afrika takriban miaka milioni 160 iliyopita, kabla ya kuwapo lemuri hata mmoja. Mlango-bahari wa Msumbiji, hata pale unapobana, una upana wa kilomita 400 hivi. Mwaka 1940, Mmarekani George Gaylord Simpson alijibu kwa mfano wa bahati nasibu. Mafuriko hung'oa miti na kuipeleka baharini pamoja na wanyama walioing'ang'ania. Karibu wote huangamia, ila katika mamilioni ya miaka hawakosi wachache watakaofika ng'ambo.

Kisiwani kwenyewe visukuku vya safari hiyo havijaonekana. Mifupa mingi ya lemuri iliyopatikana ni ya juzijuzi tu. Ushahidi ukatokea bara, Songhor, magharibi mwa Kenya.

Mwaka 1967 Simpson huyohuyo alichunguza vipande vya taya vya huko, vyenye umri wa miaka milioni 20 hivi. Akaona ni vya jamaa wa poto, mnyama wa usiku anayekaribiana na komba, akampa jina Propotto leakeyi. Miaka miwili baadaye Alan Walker akapinga: huyu ni popo mla matunda. Wengi wakamkubali, na kwa karibu nusu karne taya likahifadhiwa Kenya likihesabiwa la popo.

Aliyelitilia shaka alikuwa Gregg Gunnell wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mtu aliyewajua popo vizuri. Magego yale hayakuwa ya popo. Mbele ya taya paliwahi kuota jino kubwa lililolala kuelekea nje, kama la aye-aye. Huyu ni lemuri ambaye meno yake ya mbele hayakomi kukua, kama ya panya, na kidole chake cha kati ni chembamba kama ujiti. Kwa kidole hicho hugonga gogo, husikiliza funza, kisha hulitoboa kwa meno.

Gunnell alifariki mwaka 2017. Mwaka uliofuata wenzake walichapisha hoja yao: Propotto ni wa ukoo wa aye-aye. Kama ndivyo, ukoo huo ulikwisha kutengana na wa lemuri wengine ukiwa bado Afrika, na kila mmoja ulivuka bahari kivyake. Bahati nasibu ya Simpson ilishinda mara mbili, na tiketi moja aliishika mwenyewe asiitambue.

Lau taya lile lingetupwa kwa kuwa ni popo tu, hoja hiyo isingekuwapo. Tuyatunze makumbusho yetu, hata droo ambazo hakuna anayezifungua.