Kubana kabureta ya bodaboda hakuokoi mafuta: Fahamu marekebisho sahihi

Bei ya petroli ikipanda, madereva wengi wa bodaboda hukimbilia kwa fundi wa kijiweni na ombi moja: abane kabureta ili pikipiki isile mafuta. Fundi anachukua bisibisi, anazungusha skrubu moja, kazi imeisha.

Shida ni kwamba skrubu hiyo haisimamii mafuta yote yanayoingia kwenye injini. Ikirekebishwa vibaya, injini inachemka na pistoni inaweza kukwama. Kwa dereva mwenye pikipiki ya mkataba hilo ni pigo, kwa sababu injini inaweza kufa lakini hesabu ya tajiri haifi.

Kabureta inafanya nini?

Kazi yake ni kuchanganya hewa na petroli. Ili petroli iungue yote bila hewa kubaki, gramu 1 ya petroli inahitaji gramu 14.7 hivi za hewa. Hewa ikizidi, mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inapata joto kali. Petroli ikizidi, unakuwa mzito: moshi mweusi, harufu ya petroli na plagi kujaa masizi.

Ndani ya kabureta kuna njia mbili kuu. Ya kwanza inalisha injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kuvutwa mafuta, hadi mkono wa mafuta ufike robo hivi. Kuanzia hapo kazi kubwa inafanywa na sindano na jeti kubwa.

Skrubu inayozungushwa kijiweni inagusa zaidi njia ya kwanza. Pikipiki inayotoka Tunduma kwenda Vwawa ikiwa na abiria inatumia zaidi njia ya pili. Ndiyo maana kubana skrubu hakubadilishi sana gharama za safari.

Kubana kunaweza kuongeza mafuta

Skrubu hizi ziko za aina mbili. Iliyo upande wa chujio la hewa hupima hewa, hivyo ukiibana unapunguza hewa na mchanganyiko unazidi kuwa mzito. Iliyo upande wa injini hupima petroli, na ukiibana mchanganyiko unakuwa mwepesi. Asiyejua tofauti hii anaweza kulipia kazi ya kupunguza mafuta, kumbe ameyaongeza.

Milima ya Songwe ina nafasi yake

Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Maeneo mengi ya Mbozi yako juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Rukwa, upande wa Momba, liko mita 800 hivi.

Pikipiki iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika Tunduma inakutana na hewa nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko wake unakuwa mzito kidogo. Hapo marekebisho yana maana.

Ila anayeshuka Kamsamba na kurudi hana sababu ya kushika bisibisi kila safari, kwani tofauti hiyo ni ndogo. Mwenye kuogopa ni yule ambaye pikipiki yake tayari imebanwa hadi mwisho. Akishuka bondeni, hewa inakuwa nzito zaidi, mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi, na joto na mzigo vinamalizia kazi.

Hatua za kurekebisha

1. Anza na vitu vingine. Safisha chujio la hewa, kagua plagi, na hakikisha hakuna hewa inayopenya kati ya kabureta na injini. Chujio likijaa vumbi, pikipiki inakula mafuta hata kama kabureta ni nzima.

2. Washa injini na uiache ipate moto kwa dakika 5 hadi 10. Choki iwe imefungwa. Injini ya baridi hudanganya.

3. Pandisha sailensi kidogo kwa skrubu ya mlio, ile inayozuia mkono wa mafuta usirudi hadi mwisho.

4. Zungusha skrubu ya mchanganyiko polepole, robo kwa robo, huku ukihesabu. Tafuta pale injini inaponguruma kwa kasi zaidi bila kukohoa. Kwa pikipiki nyingi ni kati ya mzunguko 1 na nusu hadi 2 na nusu kutoka ilipokazwa mwisho. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake huharibika.

5. Rudisha mlio chini. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutulia kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika.

6. Vuta mafuta ghafla. Ikisitasita, au ikipiga risasi kwenye eksozi unapoachia, kuna uwezekano mchanganyiko ni mwepesi. Ikiwa nzito kuitika na kutoa moshi mweusi, petroli imezidi.

Plagi haidanganyi

Baada ya kutembea kilomita kadhaa, acha injini ipoe kisha fungua plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi kavu ni petroli nyingi au chujio chafu. Nyeupe ni joto kali, simamisha kazi kwanza. Nyeusi yenye oili si kosa la kabureta: injini inaunguza oili, huenda ringi zimechoka.

Mafuta yenyewe je?

Hakuna skrubu inayoponya petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Injini inagonga na kupoteza nguvu. Uchakachuaji huo ndio uliofanya serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, ili bei yake isiwavutie wachanganyaji. Ukinunua ya kwenye chupa barabarani, hujui umeuziwa nini.

Kama baada ya hatua zote pikipiki bado inakula sana, kinachofuata ni kukagua jeti, sindano, boya na valvu. Hiyo ni kazi ya fundi anayefungua kabureta na kuisafisha. Inachukua muda na fedha zaidi ya bisibisi ya dakika 2, lakini ni nafuu kuliko pistoni mpya.