Kete Kabla ya Mchezo: Historia Fupi ya Vigezo vya Kuanzishia Programu, kwa Mtazamo wa Masasi na Newala

Insha hii inahusu maneno machache yanayoandikwa kabla programu haijaanza. Katika mstari wa amri, baada ya jina la programu ya mchezo, mtumiaji huweza kuongeza vigezo: ramani ipi ifunguliwe, ugumu uwe wa kiasi gani. Programu huvisoma, hujipanga, ndipo mchezo huanza. Kijana aliyekulia Masasi, chini ya miamba yake, au Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, aghalabu hukutana na jambo hili kwa kuchelewa, na sababu yake ni ya kihistoria.

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, nayo marufuku hiyo haikulegezwa hadi miaka ya 1980. Kipindi hichohicho ndicho mstari wa amri ulipokomaa kwingineko. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa Bell Labs mwaka 1969, uliwazoesha watu kuandika jina la programu na vigezo vyake kwa pamoja. Lugha ya C ikavipokea kwa majina mawili, argc ikiwa idadi na argv orodha yenyewe. Kompyuta zilipoenea mikoani zilikuja na madirisha na kipanya, kisha simu ikafuata. Hatua nzima ilirukwa.

Waundaji wa michezo hawakuiruka. Doom ya mwaka 1993 ilipokea -warp kwa ramani, -skill kwa ugumu, na -nomonsters kwa anayetaka kutembea bila maadui. Lenye uzito zaidi ni namna ilivyohifadhi mchezo uliokwisha: faili ilitaja kwanza ugumu na ramani, kisha ikaorodhesha vitendo vya mchezaji. Mwanzo ukiwa uleule, vitendo vilevile huzaa mchezo uleule.

Wazee wa bao hawahitaji kufundishwa hilo. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Katika bao la kiswahili kila mchezaji huweka kete 6 katika nyumba, 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata kuliani, na kubaki na 22 mkononi. Hunamua mpaka ziishe, ndipo mtaji huanza. Katika bao la kujifunza kila shimo hupewa kete 2, mkono huwa mtupu, na hakuna kunamua. Ubao ni ule ule na kete ni zile zile. Kinachotofautisha michezo hiyo kimekwisha kuamuliwa kabla ya kete ya kwanza kuchezwa.

Mwanafunzi anayeunda bao kwa injini ya Godot huelekea kuandika mpango mmoja ndani ya msimbo, na kwa kawaida huwa ni wa bao la kiswahili. Si ajabu: mabingwa wa Zanzibar ndio waliochunguzwa na Alexander de Voogt katika tasnifu yake ya mwaka 1995. Lakini mpango ukishafungiwa ndani, bao lingine linakuwa kosa, na anayelicheza barazani Newala anaonekana hajui bao. Kwa maoni yangu hilo ni dhuluma ndogo inayofanywa kwa uvivu. Godot 4 hutenganisha vigezo vya injini na vya mradi kwa alama ya vistari viwili:

godot --path . -- --mwanzo=kujifunza

Kinachofuata alama hiyo husomwa na mradi kupitia OS.get_cmdline_user_args(). Thamani isiyotambulika isipuuzwe kimyakimya, kwani mchezaji ataanza mchezo asioutaka bila kujua. Mpango wowote ukaguliwe pia: kete za mashimoni na za mikononi zisipotimia 64, programu ikatae kuanza, kama mzee anavyozihesabu upya anaposhuku kwamba moja imebaki mfukoni mwa mtu.

Na faili ya mchezo uliohifadhiwa ianze kwa mstari wa mwanzo huo. Orodha ya hatua bila mpango wa kete haiwezi kurudiwa ubaoni, iwe imeandikwa na mashine au imekaririwa na mpwa aliyekuwa amesimama nyuma ya mjomba wake.