Yogati ya nyumbani: jua historia ya chombo kabla ya kununua mashine

Ndugu mfugaji wa Bungu, kama una lita chache za maziwa ya jioni ambazo hazina mnunuzi hadi kesho, na unawaza kununua mashine ya yogati, subiri kwanza. Historia ya vyombo vya kugandishia maziwa itakuonyesha cha kununua na cha kuacha.

Kugandisha maziwa si jambo geni kwetu. Wafugaji wengi wa Tanzania, wakiwamo Wamaasai wa nyika za Handeni na Korogwe, wametumia kibuyu kwa vizazi vingi. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto, kisha hutiwa maziwa yakagande. Moshi hupunguza vijidudu viharibifu na kutia harufu nzuri. Bakteria waliobaki kwenye kuta za kibuyu ndio kimea, nao hufanya kazi katika joto la kawaida la hewa. Kwa hiyo kibuyu hakikuhitaji blanketi wala umeme. Kinachopatikana ni mtindi.

Yogati ni ndugu wa mtindi, ila kimea chake ni kingine. Mwaka 1905 Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa akisoma Geneva, Uswisi, alimtambua kwa hadubini bakteria anayegandisha yogati ya nchi yake. Bakteria huyo na mwenzake hupenda nyuzi joto 40 hadi 45. Hapa milimani, hasa Juni na Julai, maziwa yaliyoachwa mezani usiku hupoa kabla kimea hakijamaliza kazi. Asubuhi unakuta majimaji, unalaumu kimea, kumbe kilichokosekana ni joto.

Jambo hili lina uzito mkoani kwetu. Mwaka 1985 ulianza Tanga mradi wa kuwaendeleza wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa, kwa msaada wa Uholanzi. Mwaka 1993 wafugaji waliunda ushirika wao, TDCU, na baadaye kikaja kiwanda cha Tanga Fresh. Kiwanda kina mitambo ya kuchemsha, kupoza na kutunza joto. Wewe unahitaji kazi hizohizo kwa kipimo cha nyumbani. Inawezekana: mwaka 2004 akina mama wa Mabatini, Mwanza, walianza kutengeneza yogati katika jiko la jamii, wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya NIMR na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada.

Basi nunua kwa mpangilio huu:

1. Kipimajoto. Kikigawanya fedha yako, anza nacho.
2. Sufuria yenye mfuniko, ya chuma kisichoshika kutu. Ya alminiamu ichemshie tu, usigandishie humo, kwa sababu asidi ya yogati huila.
3. Chombo cha kutunza joto: hotipoti, au chupa ya chai yenye mdomo mpana. Huna? Mitungi ya kioo iliyofungwa blanketi ndani ya kikapu inatosha.

Mashine ya umeme hufanya kazi ya namba tatu peke yake. Haikuchemshii maziwa, na umeme ukikatika usiku, nayo hupoa. Dumu lenye mdomo mwembamba liache kabisa, kwa sababu mkono haufiki ndani kulisafisha. Na ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo huficha vijidudu.

Ukishapata vyombo, pasha maziwa hadi nyuzi joto 85, uyaweke hapo dakika 30 huku ukikoroga. Yapoze hadi 43. Changanya vijiko viwili vya chakula vya yogati mpya isiyo na sukari wala ladha kwa kila lita. Mimina kwenye chombo ulichokwisha kukipasha kwa maji ya moto, funika, usikitikise kwa saa 6 hadi 8. Ikishaganda, iweke mahali pa baridi.

Usitumie maziwa ya ng'ombe aliyepewa dawa za antibayotiki kabla siku za kusubiri hazijaisha. Dawa hiyo huua kimea, na mlaji wako pia hastahili kuinywa.

Anza na lita moja. Ikiganda vizuri mara tatu mfululizo, ndipo uongeze maziwa na ufikirie kuuza.